Tarangire kwenda na kurudi siku moja ukitokea Dodoma? Rudisha hela mfukoni

Mkuu, usitume hiyo advansi. Soma kwanza.

Umeandika humu jukwaani kwamba mnashuka treni ya SGR Dodoma Ijumaa usiku, wewe, mke, watoto wawili na mama mkwe. Jumamosi mko huru, Jumapili alfajiri mnapanda basi la Mwanza pale Nanenane. Na kuna jamaa kakuahidi kwamba Jumamosi hiyo hiyo atawapeleka hifadhi ya Tarangire mkaone tembo, jioni mko Dodoma mnakula nyama choma. Halafu unauliza kama bei ni nzuri! Bei achana nayo. Hata angewapeleka bure, mkatalie.

Mimi nilipelekwa. Na mkwe pia nilikuwa naye, ndiyo maana nimesoma swali lako mara mbili nikidhani kuna mtu ananitania. Dalali wangu naye alikuwa na maneno matamu: "Lami tupu, bosi. Saa tatu mko ndani ya hifadhi." Lami ni tupu kweli, hapo hakusema uongo. Alichonyamazia ni urefu wake. Dodoma mpaka Babati peke yake ni kama kilomita 250, na Babati bado hujafika. Unaendelea mpaka Minjingu, unafika Kwa Kuchinja, unakata kulia kama kilomita saba ndipo unaliona geti. Jumla ni zaidi ya 300 kwenda tu. Sasa weka vibao vya 50 kwenye kila kijiji, weka trafiki na tochi zao, weka kona za Kolo na Bereko ambako mtoto wangu mdogo alirudisha chai yote ya asubuhi. Nani kasema saa tatu? Labda kwa helikopta.

Tulikubaliana dereva aje saa kumi alfajiri. Alikuja saa kumi na mbili na nusu na Noah yenye harufu ya samaki, akasema alikuwa "anaweka sawa matairi". Njiani kukazuka suala ambalo hakuna dalali atakayekuambia: nani atamwambia dereva asimame tuchimbe dawa wakati mama mkwe amekaa siti ya mbele? Mimi nilinyamaza kwa heshima. Yeye alinyamaza kwa heshima. Tulivumiliana mpaka Babati, na ile heshima ilikaribia kutuua wote wawili.

Getini tulifika saa saba kasoro mchana. Na hapo ndipo hela ilipoanza kutoka kweli kweli. Dalali aliniambia "kila kitu ndani", yaani gari, mafuta na viingilio vya hifadhi. Namuuliza dereva risiti ya viingilio, ananiangalia kama nimemuuliza cheti cha ndoa. "Mimi nimepewa mafuta tu, mzee." Napiga simu kwa dalali, haipatikani. Napiga tena, inaita, inakatwa. Askari wa getini walikuwa waungwana kabisa, ila utaratibu ni utaratibu: hawapokei noti mkononi, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu au kadi, watu wanalipiwa kivyao na gari kivyake. Simu yangu haikuwa na salio la kutosha, ya mke ikagoma mtandao, mwisho aliyetuokoa ni mama mkwe. Akatoa simu yake, akalipia familia nzima pamoja na dereva, hakusema neno. Mkuu, kuna kimya cha mama mkwe ambacho ni ghali kuliko kiingilio cha hifadhi yoyote Tanzania. Bado nalipa mpaka leo.

Tunaingia ndani saa nane. Jua la utosi. Unajua mnyama anafanya nini saa nane mchana? Anafanya anachofanya mtu mwenye akili: yuko kivulini amelala. Tembo tuliwaona, ng'ambo ya mto, chini ya miti, wadogo kama nzi. Simba dereva alisema yuko "pale kwenye nyasi", na watoto wakakubali kwa sababu walikuwa na njaa. Walioonekana kwa karibu ni mbung'o. Wale wanapenda nguo za bluu na nyeusi, na mke wangu alikuwa amevaa kitenge cha bluu kipya, maalumu kwa picha. Funga vioo, joto. Fungua vioo, mbung'o. Mama mkwe akavua kandambili na kuanza kuua mmoja mmoja, bado hasemi neno.

Saa tisa na nusu dereva anasema tugeuze, hataki kuendesha usiku porini. Ndani ya hifadhi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo hata kutoka si dakika moja. Tulikaa mle muda wa mechi moja ya mpira na dakika za nyongeza. Usiku tukaukuta njiani hata hivyo, punda wamesimama katikati ya lami kule Chemba kama wamewekwa na TANROADS. Pancha nayo haikutusahau. Tukaingia Dodoma saa nane usiku, basi letu la Singida lilikuwa la alfajiri, na likaondoka bila sisi. Tiketi tano zikafa. Dalali akapatikana hewani siku ya tatu, akaniuliza kama safari ilikuwa nzuri na kama nina marafiki wanaotaka kwenda!

Ieleweke sisemi Tarangire ni mbaya. Mwezi wa nane unaosafiri wewe ndio wenyewe hasa: ni kiangazi, ule mto unabaki kuwa tegemeo la maji, tembo na pundamilia na nyumbu wanaufuata. Masika wengi wao hutawanyika kwenda Simanjiro. Lakini geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na wanyama wanatembea asubuhi na jioni. Waliolala Kwa Kuchinja au Mto wa Mbu wanamaliza kuona kila kitu, wanatoka kwenda kula, ndipo wewe wa Dodoma unaingia ukitafuta salio.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaipigia kelele mpaka nifungiwe humu: usiku wa kuamkia wanyama, ulale jirani na geti. Kama huna usiku huo, safari ya wanyama huna. Usihesabu kilomita wala bei, hesabu utalala wapi.

Na wewe usiku huo unao, ila umeuweka Dodoma. Treni inapita Morogoro! Shukeni Morogoro Ijumaa hiyo kwa treni ya mchana, chukueni gari mpaka Mikumi mjini, mlale hapo. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kwa kama kilomita 50, kwa hiyo kabla hujalipa senti watoto wanaweza kuona twiga na swala pala dirishani. Ila mwambie dereva apunguze mwendo, zile faini za kugonga wanyama zimeandikwa kwenye mabango pembeni ya barabara na si mchezo. Jumamosi saa kumi na mbili muwe getini. Zungukeni uwanda wa Mkata wakati bado kuna ubaridi, pitieni bwawa la viboko ambako mama mkwe atanyoosha miguu, saa sita mmetoka. Rudini Morogoro mchukue treni ya jioni mpaka Dodoma. Kateni tiketi mapema na kila mkubwa awe na kitambulisho. Basi la Jumapili mnalipata baada ya kulala usiku kitandani.

Mking'ang'ania kulala Dodoma, nendeni Kolo kuona michoro ya mapangoni, ile iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2006. Anzeni kwenye ofisi yao pale Kolo mpewe mwongozaji. Kuna twiga na tembo waliochorwa miaka mingi sana iliyopita, na hao saa saba mchana wapo pale pale. Ila kuna kupanda mlima, muulize mama mkwe kuhusu magoti kabla hujalipia gari.

Habari ya gesti na masweta uliyouliza, wenyeji wa Dodoma watakujibu. Sweta beba. Na huyo jamaa akikupigia tena kuhusu advansi, muulize Ijumaa usiku gari lake linalala wapi. Akisema Dodoma, kata simu.