Popoo bila tumbaku imenikaza mdomo. Je, nitapata saratani?

SWALI: Salaam aleikum daktari. Nina miaka 41, naishi Mombasa. Nala popoo tangu niolewe, mwaka wa 19 huu, na tumbaku sitii kabisa. Tangu mwaka jana hata pilipili ya kachumbari yanichoma kama moto, na mdomo umekaza: mahamri nayamega vipande vidogo ndipo niyale. Daktari wa meno kaniambia ni makovu, na huenda yakageuka saratani. Nilitoka pale nalia. Mama mkwe asema popoo haina neno, kibaya ni tumbaku. Nani msema kweli?
Mama wa Watatu

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Msema kweli ni daktari wako. Mama mkwe naye simlaumu, ndivyo tulivyoambiwa sote. Kijaluba cha bibi yangu kilikuwa hakimtoki ubavuni, na mimi ndiye niliyemkatia popoo kwa mkasi wake. Lakini mwaka 2004 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitoa hukumu yake: popoo peke yake, bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu.

Ndani ya popoo mna kemikali iitwayo arekolini. Hiyo huzichochea seli zilizo chini ya utando wa kinywa zifume nyuzi ngumu, na mwili hushindwa kuzivunja. Shavu likipauka, ukalipapasa kwa ndani, unakuta kamba zimesimama. Ugonjwa huu si mgeni kwetu: mwaka 1952 mtaalamu aitwaye Schwartz aliueleza kwa wanawake watano wenye asili ya Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya.

Sasa hofu yako. Kule Kerala, India, wagonjwa 66 walifuatiliwa kwa miaka 17, na watano wakapata saratani ya kinywa. Kwa hiyo hujahukumiwa, wengi hawakuipata. Ila watano si wachache kwa ugonjwa unaoua, na hakuna awezaye kukuambia leo wewe uko upande upi. Ndiyo maana sitaki upotee kliniki.

Linalonisumbua zaidi ni huo mdomo kukaza. Kadiri unavyofunga, ndivyo taa ya daktari inavyoshindwa kufika nyuma ya magego na chini ya ulimi, na saratani hupenda kujificha huko. Nimewahi kumpokea mama ambaye kidole changu kimoja tu ndicho kilichopita. Kidonda chake tulikiona kimechelewa.

Kwa hiyo acha popoo leo, na zile pakiti tamu za popoo za dukani pia. Makovu yaliyokwisha kujifunga hayaondoki, lakini ukiendelea kutafuna unayaongezea. Kila mwezi simama mbele ya kioo, upange vidole vitatu wima kati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia viwili leo na kimoja na nusu mwezi ujao, usingoje miadi. Vilevile usingoje ukiona kidonda kisichopona kwa wiki mbili, doa jekundu au jeupe, jino linalolegea bila sababu, au tezi ngumu shingoni. Daktari akitaka kukata kinyama kidogo kikapimwe, mkubalie. Maneno ya kwamba kukigusa kidonda ndiko kunakoieneza saratani yameniulia wagonjwa.

Ziko sindano za kulainisha kovu, yako na mazoezi ya kuupanua mdomo kidogo kidogo kwa vijiti vya mbao, mithili ya vile vya aiskrimu, ukiongeza kimoja kimoja. Yanauma, na yanataka kila siku. Husaidia kula na kusema, lakini hayaiondoi hatari ya saratani, kwa hiyo uchunguzi kila baada ya miezi michache ni wa maisha.

Na safari ijayo nenda na mama mkwe. Kama naye anatafuna, kinywa chake nacho kimulikwe.