Jibu: Nimekosa Chuo Kikuu Ardhi, nifanyeje?

Salaam mdogo wangu, na pole. Umesema uko Tabora, uliomba Jiomatiki (kozi ya upimaji wa ardhi na ramani) Chuo Kikuu Ardhi, awamu ya kwanza jina halikutoka, na nyumbani wanakwambia ungoje mwakani. Usingoje kwanza.

Ingia kwenye akaunti uliyoombea usome sababu. Kama ni ushindani tu, sifa unazo. Awamu ya pili ikifunguliwa omba kwingine. Ila shika mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kabla ya kubonyeza chochote: kila kozi ina safu ya sifa za chini na safu ya nafasi. Binamu yangu aliponea kwenye hiyo safu ya nafasi, maana wenzake walikuwa wanatazama majina ya vyuo tu.

Kama shida ni sifa, kuomba tena kozi ileile ni kutwanga maji kwenye kinu. Hapo nenda Chuo cha Ardhi Tabora, uulizie stashahada. Watu wa mjini hapa hukidharau eti kiko nyumbani. Mimi naona umeokoa kodi ya chumba. Ukitoka na GPA (wastani wa alama zako) ya 3.0 au zaidi, unaweza kuomba shahada. Ada ulizia ofisini kwao, si kwenye magrupu ya WhatsApp, na usimlipe anayedai atakupenyezea jina.