Kazi za nje ya nyumba: ipi itangulie, ipi isubiri

Mkuu, umetaja kazi saba: rangi, pevingi (vitofali vya kutandaza uwanjani), gata (mfereji wa kukinga maji ya paa), uzio na geti, madirisha, bustani na taa za nje. Umesema nyumba ni ya zamani, paa ni la bati, ukuta una nyufa na unyevu, na fedha itakuja kwa mafungu, kwa hiyo unauliza uanze na ipi. Naona wengi waliokujibu wanaanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mimi sikubaliani nao. Nimesimamia ukarabati wa nje wa nyumba yangu kwa mafungu hivyo hivyo, kisha wa nyumba za ndugu zangu, na kwa kila kazi huwa nauliza swali moja: nikiimaliza hii leo, ni ipi kati ya zilizobaki itakayokuja kuiharibu? Ikiwepo hata moja, hiyo inayoharibu ndiyo itangulie.

Chukua karatasi ujaribu. Rangi itachubuliwa na fundi gata anayetoboa ukuta, na fundi wa madirisha atavunja pembe za lipu. Pevingi itang'olewa na fundi bomba, itabonyezwa na lori la mchanga wa uzio, itadondoshewa rangi. Bustani itakanyagwa na wote hao. Gata haiharibiwi na karibu chochote, isipokuwa ubao wa fashia (ule wa ukingoni mwa paa) uliooza unaoishikilia. Ukimaliza utaona rangi na pevingi, zile mbili ambazo kila mtu anazitamani, zimeangukia chini ya orodha.

Sasa, kuna kazi ya nane ambayo hukuiandika: paa lenyewe. Gata inafungwa kwenye fashia, fashia inashikwa na ncha za kenchi (mbao zinazobeba paa), na vyote hivyo vinategemea bati lisilovuja. Mtu apande aangalie misumari. Bati hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, miaka ikipita misumari inalegea na mipira yake inakauka na kupasuka. Angalia kutu kwenye mapishano ya bati, na hasa pale paa linapokutana na ukuta, maana mahali hapo huvuja kuliko pengine popote. Kama una mpango wa sola siku za usoni, upime sasa: paneli hukaa miaka 25 hivi, na bati lililobakiza miaka 5 litakulazimisha kuzishusha zote na kuzipandisha upya.

Baada ya paa, maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyufa na unyevu ulioutaja huenda vinaanzia hapa.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita 1. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 25 linamwaga lita 3,000, yaani tani 3 za maji, tena kwa mvua moja tu. Pasipo gata, maji hayo yanasambaa kuzunguka nyumba nzima. Ukifunga gata, yote yanakusanywa na kushushwa sehemu mbili tatu. Kama bomba la kushushia linaishia pembeni mwa ukuta, sasa unamwaga tani nzima ya maji kwenye pembe moja ya msingi. Gata ya namna hiyo ni afadhali isingewekwa. Ndiyo maana nasema gata, mabomba ya kushushia na njia ya kuyapeleka maji mbali ni kazi moja, na ilipwe kwa fungu moja. Ukikosa fedha ya mwisho wa bomba, subiri.

Maji yaende wapi? Tangini kama unataka kuyavuna (lita 1,000 ni tani moja, kwa hiyo kitako cha tangi kisiwe cha kubahatisha), kwenye mfereji ulio upande wa chini wa kiwanja, au kwenye shimo la kunyonya lililojazwa mawe, umbali wa mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi. Kabla ya kulipia shimo hilo, chimba kishimo, jaza maji, uone yanachukua muda gani kuzama. Udongo wa mfinyanzi utakujibu vibaya na utakuwa umeokoa fedha. Na asije fundi akakushawishi kuyaelekeza kwenye shimo la maji taka kwa kuwa "liko karibu". Litajaa kwa mvua chache.

Halafu ardhi yenyewe. Udongo unaoizunguka nyumba unapaswa kushuka kuelekea nje, na kipimo kinachotumika sana ni sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Pevingi, kwa kuwa uso wake ni mgumu, inatosha kushuka sentimita 2 kwa kila mita. Zaidi ya hapo, uso wa mwisho wa nje ubaki sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu lililo ukutani, la sivyo maji yanaruka juu yake na kupanda ndani.

Hapo ndipo linakuja jambo ambalo watu wengi hawalioni hadi limewafika: pevingi inafanywa karibu na mwisho, lakini kimo chake kinaamuliwa mwanzoni kabisa. Piga hesabu. Kokoto iliyoshindiliwa sentimita 10 hadi 15, mchanga wa kulazia sentimita 3 hivi, kitofali chenyewe sentimita 6. Jumla ni kama sentimita 20 na ushee. Zikipangwa juu ya ardhi ilivyo sasa bila kuchimba, uwanja wako umepanda kiasi hicho. Ngazi ya mlangoni inamezwa, mifuniko ya chemba za maji taka inabaki shimoni, geti linakwaruza chini, na lile tabaka la kuzuia unyevu linafukiwa. Kwa hiyo kabla ya fundi yeyote kuanza, chora mstari ukutani kuzunguka nyumba nzima kuonyesha pevingi itakapoishia, hata kama utainunua baada ya miaka mitatu. Fundi gata, fundi bomba, fundi wa geti na wa ngazi, wote wafanye kazi kwa kufuata mstari huo. Mimi niliuchora kwa rangi nyekundu ya mafuta. Watu walicheka, lakini kila fundi aliyekuja aliukuta na hakuwa na haja ya kubuni kimo chake.

Kuchimba: chimba mara moja. Bomba la maji ya mvua, bomba la maji safi, matengenezo ya maji taka, waya wa umeme wa getini na wa taa za nje, vyote vipangwe pamoja hata kama vitu vyenyewe utavinunua baadaye. Mahali patakapopita gari, laza mabomba matupu ya PVC kutoka upande mmoja hadi wa pili, ziba ncha zake, acha kamba ndani. Siku ukipata fedha za taa utavuta waya bila kugusa kitofali hata kimoja. Bomba tupu ni bei ndogo mno ukilinganisha na kung'oa uwanja. Umeme usiwekwe bega kwa bega na bomba la maji, na afanye fundi mwenye sifa. Kabla ya kufukia, piga picha ukiwa umetandaza futi kamba ndani ya picha, maana kumbukumbu ya "ilipita hapa hapa karibu na mti" haina thamani baada ya mwaka.

Kufukia nako kuna namna yake. Udongo urudishwe kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe. Mtaro uliojazwa kwa mkupuo mmoja utatitia, na pevingi iliyo juu yake itatitia nao, utaona mstari mrefu wa dimbwi kila mvua inaponyesha. Ukiweza, acha msimu mmoja wa mvua upite juu ya mitaro kabla ya kupanga vitofali.

Nyufa zisubiri hapo katikati. Usizizibe kwanza. Weka alama ya penseli kwenye ncha za kila ufa, andika tarehe na upana, kisha uendelee na kazi za maji. Udongo unaolowa na kukauka hutanuka na kusinyaa, na msingi unacheza nao. Ukishayadhibiti maji, nyufa nyingi zinatulia zenyewe na hapo kuziziba kuna maana. Ila ufa wenye umbo la ngazi unaofuata maungio ya matofali, unaopanuka kuelekea juu, au uliozidi milimita 5, au ukiona mlango umeanza kukwama kwenye fremu yake, huo usiuwekee alama ukasubiri. Mwite mhandisi kabla ya fedha yako kwenda kwenye kitu kingine chochote.

Uzio. Kama usalama ni tatizo la kweli, ufanye kwanza na sitabishana na wewe. Lakini acha uwazi wa kupita lori, geti lenyewe lije baadaye (nguzo zake zijengwe na mabomba ya waya ndani), na upande wa chini wa kiwanja ukuta uachiwe matundu ya kupitishia maji. Uzio usio na matundu ni bwawa, na ukuta wa namna hiyo huanguka.

Madirisha yaje kabla ya lipu na rangi, hilo halina mjadala. Hakikisha kizingiti cha chini kinainama kuelekea nje na kina mfereji mdogo upande wa chini wa ukingo wake ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani.

Lipu mpya imwagiliwe siku kadhaa isikauke ghafla, kisha iachwe wiki 4 hivi kabla ya rangi. Saruji changa ina alkali kali inayoshambulia rangi, na maji yanayotoka ndani yake huibua ule unga mweupe wa chumvi. Unga huo kwenye ukuta wa zamani uondoe kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji, chumvi inayeyuka na kurudi ndani kusubiri zamu nyingine. Na kama ukuta bado una unyevu, usipake. Rangi itabanduka, na duka litakuuzia nyingine bila kukuuliza.

Kuna kazi za juu ambazo zinavunja mpangilio huu kidogo. Kiunzi (jukwaa la kupandia mafundi) kinagharimu kukisimamisha, kwa hiyo kikiwa kimesimama, maliza kila kitu cha juu. Na fashia ipakwe rangi kabla gata haijafungwa, kwa sababu nyuma ya gata brashi haitaingia tena.

Kati ya rangi na pevingi, mafundi watakugombania. Msimamo wangu: rangi kwanza, ila koti la mwisho la nusu mita ya chini lisubiri hadi pevingi iishe. Matope na vumbi la kukata vitofali huishia hapo hapo chini, na kumalizia ukanda huo ni kazi ndogo.

Sasa mafungu yako. Jiulize pia, fedha ikikatika hapa, nyumba inaweza kukaa hivi? Paa, fashia, gata na njia ya maji: unaweza kusimama hapo miaka. Mitaro na kusawazisha ardhi: uwanja utakuwa mbaya wa kutazama, mwaga kokoto na uishi nao. Madirisha na lipu: lipu isiyo na rangi haina haraka. Pasipofaa kusimama ni pale ulipokwangua mbao na chuma ukaviacha uchi, au ulipobandua bati la zamani. Kazi hizo usizianze bila fedha ya kuzimaliza. Watu wa nyumbani watauliza fedha yote imekwenda wapi mbona hakuna kinachong'aa, uwe na jibu tayari.

Bustani ni ya mwisho, isipokuwa miti. Mti unahitaji miaka, kwa hiyo mche unaweza kwenda ardhini tangu fungu la kwanza, mradi uko mbali na msingi, na mitaro na shimo la maji taka.

Kwa kuanzia, tafuta mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ujaze maji, hakikisha hauna mapovu (maji husimama kimo kimoja kwenye ncha zote mbili), na kwa huo upime kutoka usawa wa sakafu ya ndani hadi ardhini kwenye pembe zote nne za nyumba, kisha mita 3 nje ya kila pembe. Weka namba hizo hapa pamoja na urefu na upana wa paa, tuone maji yatashukia upande gani na mabomba mangapi yanatosha.