Taa ya Passepartout na mchekeshaji wa alfajiri

Mama alipovunjika nyonga mwishoni mwa 2022, nyumba yetu hapa Tanga ilinyamaza. Miezi minne hakuvuka kizingiti cha mlango wa mbele. Wageni walikuja, wakatoa pole, wakaenda zao, na jioni zikabaki ndefu. Katika kuhangaika nimchangamshe, nilipata vitu viwili ambavyo hadi leo hatujaviacha: riwaya za safari zenye vichekesho, na uchekeshaji wa jukwaani unaorushwa mubashara. Namwandikia yeyote mwenye mgonjwa au watoto wadogo ndani, ambaye kutoka usiku kwake ni ndoto.

Nianze na vitabu, maana ndivyo vilivyotuokoa. Riwaya ya kuchekesha isome kwa sauti, mbele ya mtu. Ukiisoma kimya utatabasamu. Ukimsomea mwenzio mtaangua kicheko.

Sisi tulianza na ile ya Jules Verne ya kuzunguka dunia kwa siku 80. Ilianza kutoka gazetini Paris mwaka 1872, kipande baada ya kipande, kwa hiyo kila sura inakuacha roho juu. Bwana Fogg wa London anaweka dau la pauni 20,000 kwamba safari hiyo inawezekana. Treni imeshaondoka, ndipo mtumishi wake Passepartout anapopiga ukelele: ameacha taa ya gesi inawaka chumbani! Fogg anamjibu kwa utulivu kwamba itawaka, na gharama ni juu ya Passepartout mwenyewe. Hapo nikafunga kitabu.

Kesho yake asubuhi, sijamaliza hata shikamoo, mama akaniuliza: "Mwanangu, yule kijana taa yake itakuwaje?" Mtu aliyeishi kwa kuhesabu uniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, haelezwi uchungu wa taa ile.

Kitabu chenyewe nilikipakua bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, kwa Kiingereza. Macho yalisoma Kiingereza, mdomo ukasimulia Kiswahili. Ukitaka kufanya hivyo, ipitie sura mchana kwanza, ujue kichekesho kimekaa wapi, halafu usitafsiri neno kwa neno. Simulia kama unayeleta habari kutoka sokoni. Maelezo marefu ya meli na reli yafupishe, lakini majibizano usiyaguse, maana utamu wote umo humo. Dakika 20 zinatosha. Funga wangali wanataka.

Kwa siku ambazo mgonjwa amechoka, nakupendekezea Three Men in a Boat ya Jerome K. Jerome, ya mwaka 1889. Hiki huhitaji kukifuata tangu mwanzo. Chukua kisa kimoja tu: marafiki watatu wako kwenye mto Thames na kopo la nanasi, kifungulio hawana. Wanalijaribu kwa kisu, wanalijaribu kwa mkasi, mwishowe wanalipiga kwa mlingoti wa mashua. Au kile cha mjomba Podger anayetundika picha ukutani huku nyumba nzima ikikimbizwa kumletea nyundo na ngazi. Mjomba wa namna hiyo kila ukoo unaye, na mama alimtaja wa kwetu kwa jina kabla sijafika nusu ya kisa.

Uchekeshaji wa mubashara nao una mambo yake. Tarehe 4 Machi 2023 mchekeshaji Chris Rock alipanda jukwaani Baltimore, Marekani, na Netflix, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, ikarusha onesho lake moja kwa moja dunia nzima, mara yake ya kwanza kufanya hivyo. Kwao ilikuwa saa 4 usiku Jumamosi. Kwetu saa 12 asubuhi Jumapili. Dada yangu yuko Muscat, kwake saa 1. Tukapigiana simu ili tucheke pamoja, kumbe matangazo hayafiki kila nyumba kwa sekunde ileile. Kicheko chake kilitufikia kabla ya neno lenyewe! Tukakata simu, tukaja kuongea baada ya onesho. Kundi la WhatsApp nalo lizime, kwa sababu hiyohiyo.

Mama alikuwa ameswali alfajiri na kurudi kulala, na mimi nilishukuru, maana lugha ya onesho lile ni ya watu wazima kwa wazima. Usimketishe mzazi na mkwewe mbele ya mchekeshaji usiyemjua. Tazama kwanza vipande vyake ukiwa peke yako. Mzee akishaaibika, jioni nyingine hatakuja kukaa nanyi.

Je, inafaa kukatiza usingizi kwa jambo litakaloangaliwa hata kesho? Kwangu inafaa. Kuelekea mwisho, Rock alichanganya jina la filamu, akaharibu utani wake mwenyewe, akakiri palepale na kuuanza upya. Baadaye kosa hilo liliondolewa kwenye rekodi. Sisi tuliomwona alfajiri ile tulimwona mtu wa miaka zaidi ya 30 jukwaani akijikwaa na kuinuka, na nilimpenda zaidi kwa hilo.

Kuhusu bando: Netflix yenyewe inasema ubora wa kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na wa juu hadi GB 3. Chagua wa kawaida. Mchekeshaji huishi kwa kunyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho, na picha ikiganda hapo, kila kitu kimekufa. Fedha utakayookoa, nunua spika ndogo.

Jioni tuliyomaliza safari ya Fogg, nilimsomea mama jinsi Passepartout anavyopanda chumbani na kuizima taa iliyowaka siku 80, bili ya gesi ikimsubiri. Mama akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa nitalala."