Pafyumu za baridi zinaingia na joto letu

Maswali ya mwezi huu karibu yote ni ya manukato, na sababu naijua: minada ya korosho imekaribia.

Nasikia msimu huu habari ya mjini ni vanila, karameli na pistashio. Nikiuza korosho ninunue ipi? (Msomaji, Mtwara)

Mdogo wangu, tazama kalenda kwanza. Pafyumu nzito za vanila, ambari na mdalasini Ulaya huzitoa Septemba na Oktoba, wenzetu wakianza kuvaa makoti. Kwenye baridi harufu haipai vizuri, ndiyo maana wanazitia uzito. Zikitufikia sisi, kusi limekatika, kaskazi linaingia, joto na unyevu vimepanda, na wewe ndiyo kwanza umelipwa. Jasho hilo litairusha harufu yote kwa mpigo. Desemba iliyopita nilipanda daladala ya Mikindani, mbele yangu amekaa dada aliyejimiminia vanila. Hatujafika nusu ya njia, mtoto aliyepakatwa jirani yake alitapika.

Wala utamu huo si mpya. Pafyumu ya Angel, ya kampuni ya Mugler, ilitoka 1992, na tangu hapo harufu za kama keki zinatangazwa upya kila baada ya muda. Kaskazi hili tafuta chungwa, mchaichai, asumini. Vanila iweke hadi Julai, uivae usiku. Na hili hukuniuliza: ada ya shule na deni la pembejeo vitangulie dukani.

Pafyumu gani inadumu siku nzima? (Wasomaji wanne)

Kwa joto hili, hakuna. Nimelijibu hili mwezi uliopita. Someni chupa: eau de toilette ina mafuta machache kuliko eau de parfum.

Naolewa Januari. Saluni wananishauri pafyumu ya dukani, mama anataka udi. (Bi harusi mtarajiwa, Lindi)

Mwanangu, msikilize mama. Pafyumu unajipulizia dakika moja, udi unakaa kwenye nguo hadi siku ya pili. Nguo zifukizwe usiku wa kuamkia harusi, zitandazwe juu ya tenga na chetezo kiwe chini. Kaa liwe limeshavaa majivu. Kipande cha udi kikishika moto umechoma kuni za bei ghali; kinatakiwa kitoe moshi mwembamba, polepole. Mwilini liwa inatosha. Asumini ichumwe jioni ingali imefumba, itungwe mbichi, nayo itafunguka kichwani mwako usiku. Hicho ndicho kitu ninachowasihi mabinti wa pwani msikiache, kwa sababu mjuzi wa kuitunga akiondoka bila kumfundisha mtu, dukani hamtaipata.

Nimepata mafuta ya "udi halisi" kwa shilingi elfu tano. Ni mazuri? (Msomaji, Masasi)

Si udi, kaka. Udi ni utomvu wa mti wa Aquilaria ulioingiwa na ukungu, na biashara yake duniani inadhibitiwa kwa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Harufu ukiipenda, jipake. Usilipie neno "halisi".

Shingo imeniota madoa meusi pale ninapojipulizia. (Msomaji, Nachingwea)

Acha leo kupulizia shingoni kabla ya kwenda juani. Mafuta ya ndimu na ya bagamoti, tunda la jamii ya machungwa, yana kemikali zinazoshirikiana na jua kuunguza ngozi, na doa linaweza kukaa miezi. Pulizia nguo. Na tafadhali usipake krimu ya kung'arisha juu yake, utaongeza jeraha. Nenda kwa daktari wa ngozi.

Chupa yangu hukaa dirishani, maji yake yamekuwa ya kahawia. Nitupe?

Iondoe hapo kwanza. Jua na joto huua harufu, za machungwa hutangulia. Mimi mwenyewe niliwahi kununua chupa iliyokuwa imeanikwa kwenye meza ya barabarani, nikafungua nyumbani nikakuta inanuka siki. Lakini kama yako ni ya vanila, rangi isikutishe, vanilini, kiini cha harufu yake, hugeuka kahawia yenyewe. Pulizia kitambaa, subiri spiriti ikauke, unuse. Ikinukia kama zamani, itie kabatini, mbali na jiko.