Ghorofa kumi ubavuni mwa nyumba ya mawe

SWALI: Mhariri, salaam. Hapa Mji wa Kale, kiwanja cha jirani kimewekwa tangazo la jengo la ghorofa kumi. Wakazi tunapinga. Tuanzie wapi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Anzeni na tarehe. Lipigeni picha tangazo hilo leo hii. Kibali cha kaunti hukatiwa rufaa ndani ya siku 14, kwa kamati ya kaunti ya rufaa za mipango ya ardhi. Leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndani ya siku 60, kwa jopo la taifa la rufaa za mazingira. Mwenye hoja nzuri akichelewa, hasikilizwi. Mtaa wenu ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, basi nakala ya rufaa ifike Makumbusho ya Taifa pia.

Msiandike “litaharibu utamaduni” mkaishia hapo. Elezeni ukuta. Nyumba zenu ni za matumbawe na chokaa, sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Shimo refu likichimbwa kando, na maji yakavutwa kwa pampu, udongo hushuka, na nyufa huanzia pembe za madirisha.

Kwa hiyo, kabla mashine hazijafika, kila ufa uliopo bandikeni juu yake kipande cha plasta ya jasi (gypsum), urefu sm 10, unene mm 5, kikivuka pande zote mbili. Andikeni tarehe juu yake, mpige picha. Kikikatika, ukuta umesogea. Saruji haifai: husinyaa ikikauka na kupasuka yenyewe, na wakili wa mjenzi atalishikilia hilo.