Kulaza pombe ya kisibiti pipani bila kuiua mbegu

Tuanze na mbegu, maana kosa la kwanza hufanyika dukani. Kümmel ya Wajerumani ni kisibiti. Bizari nyembamba, ile ya pilau, wao huiita Kreuzkümmel, na ni mmea mwingine kabisa. Kwa macho mbegu hizi ni kama ndugu; ziponde kidoleni uzinuse, utazitofautisha mara moja. Harufu ya kisibiti inatokana hasa na mafuta yaitwayo karvoni, yakisaidiwa na limonini, ambayo hupatikana pia kwenye maganda ya chungwa.

Kaskazini mwa Ujerumani kinywaji hiki kina mizizi mirefu. Bommerlunder ya Flensburg inajihesabu tangu 1760, na Helbing ya Hamburg na Gilka ya Berlin zote zinataja 1836. Watu wa pwani ile huiita Köm, na huinywa kigilasi kimoja kando ya bia. Msingi wake ni pombe ya nafaka iliyokenekwa, yaani iliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, hadi ikabaki karibu bila ladha. Ndani yake huloweka kisibiti kilichopondwa kidogo tu, kisha vyote hukenekwa tena polepole. Mbegu ikisagwa unga, hushika chini ya mtambo, huungua, na uchungu wake hauondoki. Matone ya mwanzo yenye ukali wa gundi hutengwa. Ya mwisho, mazito na machungu, hutengwa pia. Kinachobaki katikati ndicho kinywaji.

Hatua hiyo waachie wenye leseni. Ujerumani, tangu 2018, huruhusiwi kukeneka pombe nyumbani bila kibali hata kwa kimtambo kidogo, na kwetu anayeijua gongo anaijua na sheria yake. Unachoweza kufanya ni kununua chupa nyeupe, yaani isiyopitia pipa, na kuilaza mwenyewe.

Soma lebo kabla ya kulipa. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyoandikwa Aquavit (ndugu yake wa Skandinavia) haishuki chini ya asilimia 37.5 ya kilevi, na Kümmel inaruhusiwa kuanzia 30. Kwa pipa tafuta ya 40 au zaidi. Likari ya kisibiti iache: ina angalau gramu 100 za sukari kwa lita, na pipa litabaki linanata.

Pipa la mwaloni la lita 3 linatosha, ila fahamu hesabu yake. Ukililinganisha na pipa la kiwandani la lita 225, kila lita yako inagusa mbao karibu mara nne zaidi. Rangi na ukakasi vitakuja upesi. Ule ulaini unaoletwa na hewa inayopenya taratibu kwa miaka hauwezi kuharakishwa hivyo. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaona rangi bado hafifu, wanaongeza mwezi, na kisibiti kinamezwa na mbao.

Jaza pipa maji ya moto, uliache siku mbili tatu mpaka mbao zivimbe na kubanana. Unyevunyevu kwenye maungio si neno. Likiendelea kudondosha baada ya siku nne, lirudishe ulikolinunua. Usipake gundi, nta ya nyuki kwa nje ndiyo inayofaa. Mwaga maji, tia divai ya sheri kavu kwa wiki tatu au nne ili ichukue ukali wa mbao mpya, kisha imwage. (Au inywe, ingawa itakuwa na ladha ya ubao.) Sasa tia pombe yako, ijae mpaka karibu na kizibo, na pipa likae kivulini.

Onja siku ya saba, halafu kila wiki, kijiko kimoja tu. Kisibiti kitangulie mdomoni, mbao zifuate. Siku mbao zinapotangulia umeshachelewa, na kungoja zaidi hakusaidii: changanya na chupa nyeupe ya aina ileile, robo kwa robo, hadi irudi. Mara ya kwanza wiki tatu hadi sita hutosha. Mara ya pili mbao zimepoa, na muda unaweza kuzidi maradufu. Penye joto na unyevu, kama Dar es Salaam au Mombasa, kilevi hutoroka pipani haraka kuliko maji, kwa hiyo nguvu hushuka. Onja mapema zaidi.

Chuja kwa karatasi ya kahawa, tia kwenye chupa za kioo, iache itulie wiki mbili. Ukitaka kuipunguza nguvu, ongeza maji laini kidogokidogo. Ukimimina kwa pupa itageuka maziwa, kwa sababu mafuta ya kisibiti huyeyuka kwenye kilevi na kukimbia maji. Maji magumu yenye chokaa nayo huleta ukungu, ila huo hutulia chini kama vumbi.

Pipa likishatoka pombe, lijaze nyingine siku ileile. Likikaa tupu na mbichi hushika siki au kuvu. Likishanuka kuvu, litie udongo, upande maua.

Nyeupe hunywewa ikitoka kwenye friza. Uliyoilaza usiigandishe, baridi itaficha yote uliyoyasubiri. Inywe ikiwa na nyuzi 15 hivi, pamoja na samaki wa moshi au nyama yenye mafuta.